Mfamasia Anajibu: Tembe za Kufungua Kifua

*Daktari, hujambo? Mimi ni fundi wa makochi hapa Mutindwa, miaka 46. Pumu nilikuwa nayo utotoni, ikapotea, kisha ikarudi nikiwa mtu mzima. Kifua kikibana naenda kemisti iliyo karibu na stendi, napewa tembe kwenye bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa "2 x 3". Nilipouliza nikaambiwa ni salbutamoli ya 4. Mwezi wa sita baridi ilipozidi nikaongezewa nyingine, theofilini. Zinanisaidia, siwezi kusema uongo, lakini mikono inatetemeka hadi nashindwa kutia uzi kwenye sindano, na usiku moyo unaenda mbio hata mama watoto anausikia. Usiku kikibana zaidi huwa nameza mbili za ziada. Juzi kliniki walinipata na presha, wakanipa dawa yake. Tembe zote za siku natumia kama shilingi 50, na inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, naambiwa ni 500. Tena wazee hapa wanasema ukianza inhela huachi mpaka kaburini. Je, niendelee na tembe? Na huku kutetemeka nikutulize na nini?*
*Fundi, Mutindwa*

Fundi, kabla hujafika mwisho wa jibu hili, inuka ukaitazame paketi ya hiyo dawa ya presha. Jina likiishia na herufi l-o-l, mfano Propranolol, Atenolol au Carvedilol, rudi kliniki leo leo uwaambie una pumu. Dawa za kundi hilo zinaweza kuibana mirija ya hewa ya mtu mwenye pumu na kuizuia salbutamoli isifanye kazi yake. Usiiache kimyakimya ukakaa nyumbani, maana kuikatiza ghafla nako kuna hatari yake. Presha ina dawa nyingi zisizogusa mapafu, na daktari akijua hali yako atakubadilishia. Nina wasiwasi kwamba hakuna aliyekuuliza kuhusu kifua, na wewe hukutaja kwa sababu hiyo siku ulikwenda kwa shida nyingine.

Sasa tuje kwenye bahasha ya kaki. Tembe moja ya salbutamoli unayomeza ina miligramu 4, yaani maikrogramu 4,000. Mpulizo mmoja wa inhela ya salbutamoli una maikrogramu 100. Kwa hiyo kila tembe ni dawa ya mipulizo 40, na wewe unameza mbili kwa mkupuo. Inatakiwa iwe nyingi hivyo kwa sababu tembe hupitia tumboni, ikaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima ndipo ifike kwenye mirija ya hewa. Ni sawa na kuloweka kochi zima kwa gundi ili ushike kifungo kimoja. Njiani inagusa misuli ya mikono, ndiyo maana sindano inakushinda, na inagusa moyo, ndiyo maana mkeo anausikia. Pia hushusha potasiamu kwenye damu, na mwenye kisukari inaweza kumpandishia sukari. Tena haina haraka: huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, wakati ile ya kuvuta huanza ndani ya dakika tano hivi.

Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 2 hadi 4, mara tatu au nne kwa siku. Wewe kila mara unameza miligramu 8, mara tatu kwa siku, na zile mbili za usiku zikiingia, siku inaisha ukiwa na miligramu 32. Hiyo ni maradufu ya kiwango cha juu cha kawaida. Usitafute dawa ya kutuliza mikono, Fundi. Mikono inakuambia dawa imezidi.

Na hapo sijaigusa theofilini, ambayo ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Ni dawa ya zamani. Mkemia Mjerumani, Albrecht Kossel, aliipata kwenye majani ya chai mwaka 1888, ingawa iliyomo kwenye kikombe ni kidogo mno, kwa hiyo msije mkaniambia mnatibu pumu kwa chai ya rangi. Shida yake ni kwamba nafasi kati ya kipimo kinachosaidia na kinachodhuru ni nyembamba sana. Ikizidi, mtu huanza kichefuchefu, kutapika, kuumwa na kichwa na moyo kupiga ovyo. Wengine huanguka degedege bila dalili nyingine kutangulia. Hospitalini tunaweza kupima kiwango chake kwenye damu. Bahasha ya kaki haipimi chochote.

Kuna jambo ambalo wateja wangu wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa mbele ya kaunta. Siprofloksasini, ambayo watu wa mtaani hujinunulia tumbo likisumbua, hupandisha theofilini kwenye damu hata kama hukuongeza tembe. Erithromaisini hufanya vivyo hivyo. Dawa za TB zenye rifampisini huishusha, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa. Mvutaji sigara mwili wake huichoma upesi, kwa hiyo siku akiacha sigara, na aache kweli, kipimo kile kile kinaweza kumzidi. Ndiyo maana mtu anayekuuzia theofilini bila kukuuliza unatumia nini kingine hajamaliza kazi yake. Kuna tembe za theofilini za kawaida na kuna zile zinazoyeyuka polepole kwa saa nyingi. Hizi za pili usizitafune wala kuzisaga, kwa sababu dawa ya siku nzima itamwagika mara moja.

Mpaka utakapoonana na daktari, na iwe wiki hii, usizidishe tembe moja ya salbutamoli kwa wakati mmoja, na usifikishe zaidi ya nne kwa siku. Zile za ziada za usiku uziache kabisa. Ukisahau dozi, usifidie kwa kumeza mbili. Kahawa nzito na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viweke kando, maana vinausukuma moyo huo huo. Jihadhari na dawa za mafua zenye efedrini au sudoefedrini. Maumivu ya mgongo yakikushika baada ya kuinamia mbao, anza na parasetamoli, kwani aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwabana kifua baadhi ya wenye pumu. Kuhusu theofilini, mweleze daktari yote uliyoniandikia, na ukianza kutapika au moyo ukapiga kwa kurukaruka, usimeze nyingine na uende hospitali saa hiyo hiyo.

Wazee wa Mutindwa nawaheshimu, lakini kwa hili wamekosea. Inhela haimfungi mtu. Kinachoendelea ni pumu yenyewe, na ingeendelea hata bila inhela. Dawa ile ile uliyokuwa ukiimeza kwa maelfu ya maikrogramu sasa utaivuta kwa mamia, ikatua pale pale panapobana. Kuhusu bei, piga hesabu na mimi: 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi. Hiyo inhela ya salbutamoli ya 500 ni theluthi ya hapo, nayo ina mipulizo 200.

Ila usinunue hiyo moja ukaona umemaliza. Pumu ni uvimbe ndani ya mirija. Salbutamoli, iwe ya kumeza au ya kuvuta, hulegeza misuli inayoizunguka mirija kwa saa chache na kuuacha uvimbe pale pale. Kinachotuliza uvimbe ni dawa ya kuvuta ya aina ya steroidi kama beklometasoni au budesonidi, inayotumiwa kila siku hata siku ambayo kifua ni kizuri, kisha unasukutua mdomo kwa maji na kutema. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hauwashauri tena watu wazima kutibiwa kwa salbutamoli pekee. Watu wanaoitegemea hiyo peke yake huwa kwenye hatari zaidi ya kukimbizwa hospitali. Hii ya pili, ya steroidi, bei yake huwa juu zaidi, sitakudanganya, kwa hiyo uliza kwanza kwenye famasia ya hospitali ya umma.

Kama kuivuta kunakushinda, tumia chupa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na kile chombo cha dukani kinachounganishwa na inhela, spesa. Unatoboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, iingie na kubana barabara, na pembeni unaziba kwa utepe. Nasema utepe, si gundi yako ya sponji! Unaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, unavuta polepole na kushikilia pumzi kwa sekunde kama kumi. Osha chupa kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta.

Siku ukibanwa hadi huwezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, au midomo ikageuka rangi, usimeze tembe ukangoja. Keti wima, vuta mipulizo minne hadi kumi kupitia chupa, mmoja baada ya mwingine, na safari ya hospitali ianze wakati huo huo. Unaweza kurudia kila dakika 20 katika saa ya kwanza.

Nina swali langu pia. Jumapili, au ukienda mashambani wiki nzima, kifua hupata nafuu? Kama ndiyo, mwambie daktari, maana vumbi la mbao na kemikali ziitwazo aisosayaneti, zilizomo kwenye baadhi ya gundi na vanishi, zinajulikana kuleta pumu ya kazini. Vanishi ipakwe nje, upepo ukiwa mgongoni mwako. Na kama kikohozi kimepita wiki mbili, makohozi yapimwe TB. Kwenye vituo vya umma hulipi.

*Mwanangu Daktari, mjukuu wangu ana miaka miwili na nusu. Jirani alinipa chupa ya dawa ya kifua ya mtoto wake iliyobaki, imeandikwa salbutamoli. Kila akikohoa nampa kijiko kimoja. Kikohozi hakiishi na usiku halali, anarukaruka kitandani.*
*Shosho, Kangemi*

Shosho, pole kwa usiku mrefu. Huko kurukaruka ni dawa, mtoto hana utundu wowote. Iweke kando. Salbutamoli hufungua mirija iliyobana, na kikohozi cha mafua hakina mirija ya kufunguliwa. Kwa umri wake asali nusu kijiko cha chai inaweza kumtuliza, ila aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe.

Ikiwa daktari atampima na kuona anahitaji dawa ya kufungua kifua, atakuandikia mililita kamili kulingana na umri na uzito wake, na utapimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani. Chupa ya jirani yako ilifunguliwa siku asiyoikumbuka mtu, kwa ajili ya mtoto mwingine.

Leo akilala, mfunue tumbo uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40 au zaidi, anapumua kwa kasi na anahitaji kuonwa. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila anapovuta hewa, au hawezi kunyonya wala kunywa, usingoje kupambazuke. Na jiko la makaa litoke kwenye chumba anacholala, hata kama ni Julai.

*Dokta, nafanya mazoezi Kasarani, mbio za mita 5,000. Nikikimbia asubuhi kwenye baridi kifua kinapiga miluzi. Rafiki hunipa tembe ya salbutamoli kabla ya mazoezi. Iko sawa?*
*Mkimbiaji, Roysambu*

Haiko sawa, na hapa kuna hatari mbili. Ya kwanza ni moyo, ambao tayari unaufanyisha kazi kubwa. Ya pili ni jina lako. Salbutamoli ya kumeza imepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, wakati wote, kwenye mashindano na nje ya mashindano, na wakaguzi wanaweza kukukuta mazoezini. Ya kuvuta inaruhusiwa kwa kiwango: isizidi maikrogramu 600 katika saa nane wala 1,600 katika saa 24, yaani mipulizo 6 na 16. Hicho ni kikomo cha sheria tu, na kipimo chako kitakuwa kidogo zaidi ya hapo.

Acha tembe za rafiki leo. Kapimwe kifua upate jina la ugonjwa kwa maandishi, kwani wengi wenye miluzi ya baridi huvuta mpulizo mmoja au miwili dakika kama 15 kabla ya kukimbia na kumaliza mazoezi bila shida. Karatasi za hospitali zihifadhi. Daktari akiona unahitaji dawa iliyo kwenye orodha ya marufuku, kibali cha matumizi ya tiba huombwa kabla ya kuitumia, na ADAK, wakala wa Kenya wa kazi hiyo hiyo, watakueleza utaratibu. Mwambie na huyo rafiki, kama naye anakimbia.