Barua kwa mwanangu: waulize kuhusu wiki ya 13

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na picha ya mjukuu wangu akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili imeshazunguka nusu ya Nkuhungu. Sisi ni wazima. Baba yako anakohoa kidogo, ni vumbi la Septemba, unalijua.

Swali lako nilishindwa kulijibu kwenye simu, wewe ukiwa ndani ya daladala na konda anakupigia kelele usogee. Umesema ofisini kwenu kunaanzishwa kundi la kupunguza uzito: wiki 12, shilingi 120,000 zinalipwa mwanzoni, mnapimwa kila Jumamosi na kufundishwa namna ya kula. Umesema una kilo 88, na 14 kati ya hizo umezipata tangu ulipobeba mimba. Ukauliza: "Mama, haya makundi yanasaidia kweli, au ni kuchangishana hela tu? Na mtu akishapungua, anabaki hivyo?"

Yanasaidia, mwanangu. Ila ni kilo chache kuliko watakazokutajia, na yanasaidia kwa muda ule unaoendelea kwenda. Hilo la pili ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Sijui kama unalikumbuka kundi letu, ulikuwa chuo wakati huo. Mwaka 2016 tulikuwa wanawake 11 hapa mtaani. Mimi nilikuwa bado kazini, nakaa kliniki nawaambia wagonjwa wa presha wapunguze uzito, na mimi mwenyewe nina kilo 94 na gauni la uuguzi limenibana mpaka vifungo vinalalamika. Mgonjwa mmoja, mzee wa Kigogo mwenye maneno yake, aliniangalia kuanzia juu hadi chini akasema, "Sawa nesi, tuanze wote." Sikulala siku ile.

Basi tukaanza kama tunavyoanza kila kitu, kwa mtindo wa kikoba. Mwenyekiti, mtunza hazina, daftari la mistari, faini 500 kwa anayechelewa na 1,000 kwa asiyefika. Mzani tuliuchangia tukaununua Majengo. Jumamosi saa 12 asubuhi tunapimana, halafu tunatembea kuelekea mjini na kurudi kabla jua halijawa kali. Mtaalamu wetu nilikuwa mimi, basi ujue utaalamu ulikuwa wa kiwango gani.

Watu wakiniuliza nini kilinipunguza, wanategemea niwatajie chakula. Mimi nawaambia ni Ijumaa. Ijumaa jioni, mkono ukienda kwenye chapati ya pili, nauona mzani wa kesho na macho ya wanawake 10, mkono unarudi wenyewe. Kwa miezi saba nilipungua kilo 9.

Kisha mvua zikaanza, Desemba. Wenye mashamba Bahi na Chamwino wakaenda kulima. Mtunza hazina akahamia Kigoma na mumewe, na mzani ukapanda basi pamoja naye. Hakuna aliyetangaza kwamba kundi limekufa. Tuliacha tu kukutana. Mwaka 2018 nilikuwa kilo 91. Kilo 6 kati ya zile 9 zilikuwa zimerudi, na mimi niliapa kwamba sikuwa nakula kuliko zamani.

Nilijilaumu sana. Nilidhani ni uvivu wangu, hadi mwaka huu ambapo kijana anayepanga chumba cha uani, anasoma mambo ya afya pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, aliponifungulia tafiti kwenye kompyuta yake. Nikamlipa kwa kumpikia mlenda wiki nzima.

Utafiti mmoja ulitoka mwaka 2011, ulihusu watu 772 wa Australia, Ujerumani na Uingereza. Wengine walipewa nafasi katika makundi ya Weight Watchers, kampuni ya Marekani ya kupunguza uzito kwa kukutana, kwa mwaka mzima, wengine wakabaki na ushauri wa kawaida wa daktari wao. Baada ya mwaka, wa kwenye makundi walikuwa wamepungua kilo 5 kwa wastani, wa daktari kilo 2 na kidogo. Kwa hiyo kundi linamshinda daktari peke yake, na mimi niliyekaa upande wa daktari miaka yote sishangai: mgonjwa nilimwona dakika kumi, kisha miezi mitatu simwoni. Lakini angalia na hili, karibu watu 4 kati ya 10 waliopewa nafasi kwenye kundi hawakufika mwisho wa mwaka, na walikuwa hawalipi hata senti.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Uingereza, wa mwaka 2017, watu 1,267. Waliwagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza walipewa kijitabu na maneno machache. La pili walienda kwenye kundi wiki 12, kama hilo lenu. La tatu walienda wiki 52. Baada ya mwaka mmoja, wa kijitabu walikuwa wamepungua kilo 3.3 hivi, wa wiki 12 kilo 4.8, wa mwaka mzima kilo 6.8. Walipopimwa tena mwaka uliofuata, mafungu yote matatu yalikuwa yamerudisha kiasi, na kilo walizokuwa bado wamepungua zilikuwa 2.3, 3.0 na 4.3. Nilipoiona safu hiyo ya mwisho nilicheka peke yangu mpaka yule kijana akaniuliza kulikoni. Nilikuwa naliona daftari letu la Nkuhungu, na Wazungu wa watu wamo ndani yake.

Sasa kwa nini uzito unarudi? Bibi yako alikuwa na kilindo cha gome la mti, cha kutunzia uwele. Akichota kwa wiki mbili mfululizo, wiki ya tatu anapunguza kipimo bila kumwambia mtu, maana Ugogo njaa ilikuwa haipigi hodi. Mwili una bibi kama huyo ndani yake. Ukipungua, unaanza kutumia chakula kidogo kuliko zamani, maana mwili mdogo una matumizi madogo, na juu ya hapo unabana. Na njaa inaongezwa. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichukua watu 50 wanene, wakawapa chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zinazoleta njaa zilikuwa bado juu, na leptini, ile inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, ilikuwa bado chini. Kwa hiyo mtu aliyepungua anapambana na bibi mwenye ufunguo wa ghala kila siku, mwaka mzima na zaidi. Mimi mwaka 2018 nilidhani napambana na chapati.

Ndiyo maana nakwambia usinunue wiki 12 ukidhani umenunua mwili. Umenunua Ijumaa 12. Waulize hao waandaaji wako: wiki ya 13 tunakutana wapi? Wakikuonyesha mpango, hata wa kukutana mara moja kwa mwezi bila malipo makubwa, lipa. Wakianza kukuonyesha picha za "kabla na baada", rudi mezani kwako ukafanye kazi. Na wakileta chai ya kusafisha tumbo au kukufunga nailoni utoke jasho, mwanangu, hayo ni maji tu yanatoka, ukinywa glasi mbili yamerudi. Nimewawekea dripu watu wa chai hizo.

Kwa kuwa unapenda historia, hili litakufurahisha. Hizo Weight Watchers zilianza kwa mama wa nyumbani wa Queens, New York, jina lake Jean Nidetch. Alikuwa na kilo 97. Alienda kliniki ya jiji akapewa utaratibu wa kula, akapungua, lakini kulikuwa na biskuti alizokuwa akizila kwa kujificha na aliona aibu kumwambia mwalimu wa kliniki. Mwaka 1961 akawaita nyumbani kwake rafiki zake sita, wanene kama yeye, akaungama biskuti zake. Nao wakaanza kuungama za kwao. Kampuni ilikuja mwaka 1963, na yeye alifika kilo 64. Lakini ile sebule ya watu saba ndiyo ninayoielewa mimi. Kuna mambo mtu hamwambii nesi.

Na hapo sisi tulikosea. Mwenyekiti wetu alikuwa anasoma uzito kwa sauti, kama anatangaza matokeo ya darasa la saba. Mama mmoja, mpole kweli, aliongezeka kilo 2 mwezi aliofiwa na kaka yake, na uzito wake ukasomwa mbele ya wote, mmoja akacheka. Hakurudi tena. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kuhusu watoto tu. Kundi lenu likiwa na tabia hiyo, toka, hata kama umelipa.

Usisahau pia kwamba utapambana na ndugu zako mwenyewe. Siku nilipopungua zile kilo 9, shangazi yako alinivuta pembeni msibani akaniuliza kama nimepima. Kizazi chetu kiliona ule ugonjwa ukikausha watu, mtu akikonda tunaogopa, akinenepa tunampongeza kwamba ndoa imemkubali. Ukija Dodoma Krismasi na kilo 82 utaulizwa mumeo anakutesa nini. Jibu unalo, au kaa kimya tu.

Kilo 82 hizo sijazitaja kwa kubahatisha. Kulikuwa na utafiti Marekani, uliotoka mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa njiani kupata kisukari. Fungu moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kila mmoja na mwalimu wake. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kuliko kwa wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asilimia 7 yako ni kilo 6. Wewe baba yako ana kisukari na bibi yako kilimwondoa. Kwa hiyo achana na hesabu ya kurudi kwenye gauni la harusi, tafuta hizo 6 na uzishike. Ukipata zaidi, haya.

Kuna Wamarekani wengine wana orodha, ilianza mwaka 1994, ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Wengi wao wanatembea au wanafanya mazoezi karibu saa nzima kwa siku, na wanajipima angalau mara moja kwa wiki. Hapo mimi nina wasiwasi kidogo, maana ni sawa na kwenda Geita ukawahoji waliorudi na dhahabu tu. Lakini la mzani nalikubali. Kilo 1 ikirudi unaiona, unarudi nyuma. Ukikaa miezi minne bila kupanda mzani, unakuja kuambiwa na zipu.

Chakula nisikuhubirie, umekua. Neno moja tu, la mafuta. Huko Dar mnadanganyana kwamba mafuta yetu ya alizeti hayanenepeshi. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 120 hivi, yawe ya alizeti, ya mawese au ya chupa ya bei mbaya. Uyapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu kama ulivyoniona mimi nikifanya. Na kama mtoto bado ananyonya, usijishindishe njaa; waambie hao walimu mapema, na wasipojua la kukwambia, nenda kliniki.

Umeniuliza kama mtu anabaki hivyo. Leo asubuhi nilikuwa kilo 87. Kutoka 94 hiyo ni 7, baada ya miaka yote hii na kundi lililokufa katikati. Sasa tuko watatu tu, mimi na majirani wawili. Mzani uko kwangu, umefungwa kwa kitambaa, na kila mtu anaandika wa kwake bila kusomewa. Mwezi wa kulima tunapimana hukohuko shambani, mmoja anaubeba kichwani watu wanadhani ni biashara. Nikifikiria kuwaacha, namkumbuka mtunza hazina na basi la Kigoma.

Jumamosi kijana wa hapa anakuja huko kwa treni ya SGR. Nimempa unga wa uwele kilo 5, mlenda mkavu na karanga kidogo. Karanga ni za mkwe wangu. Ukipokea nipigie, lakini usinipigie ukiwa kwenye daladala.

Mama yako,
Nkuhungu, Dodoma