Uzito Ukae Juu ya Chuma: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Stendi za Gari

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni fundi wa magari mwenye gereji ndogo Kihonda, mkoani Morogoro. Kwa miaka minne nimekuwa nikiegemeza magari juu ya matofali, rimu za zamani na magogo. Mwezi uliopita tofali moja lilipasuka chini ya Noah, dakika chache tu baada ya kijana wangu kutoka uvunguni. Sasa nimeamua kutengeneza stendi nne za chuma za kushikilia gari lililoinuliwa. Ninavyo vyuma vya pembe (vyenye umbo la herufi L) vya milimita 40 kwa 40 vyenye unene wa milimita 5. Nina grenda ndogo na msumeno wa mkono wa kukatia chuma, na jirani yangu ana mashine kubwa ya diski pamoja na mitungi ya gesi ya kukatia. Je, vyuma hivi vina nguvu ya kutosha, na nivikate kwa kifaa gani?

JIBU: Pole sana, na tunamshukuru Mungu kwa ajili ya kijana huyo. Tofali, liwe la saruji au la kuchoma, halipindi kwanza likakupa dalili. Hupasuka kwa mara moja, na gari hushuka lote. Acha kulitumia leo, hata kabla stendi hazijakamilika. Kama huna budi kufanya kazi katika siku hizi za kati, panga vipande vinene vya mbao ngumu kwa kuvipishana, viwili vikilala huku na viwili juu yake vikilala kule, kwa kuwa mbao ikizidiwa hubonyea na kulia kabla ya kuachia.

Kuhusu nguvu ya chuma, ondoa shaka. Chuma cha pembe cha ukubwa uliotaja kina eneo la mkato la takriban milimita za mraba 380, na chuma laini cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kinapobebeshwa takriban nyutoni 250, yaani uzito wa kilo 25 hivi, kwa kila milimita ya mraba. Hii ina maana kwamba mguu mmoja mfupi uliosimama wima ungeweza kubeba zaidi ya tani 9. Noah yenyewe haifiki tani 2, na kona yake moja ya mbele hubeba karibu nusu tani. Kwa hiyo anayekuambia uongeze unene wa chuma hajaugusa ugonjwa wenyewe. Stendi za mafundi huanguka kwa sababu ya miguu isiyolingana, viungo vilivyoachiwa weldi ibebe kila kitu, kitako chembamba, na sakafu inayotitia.

Kanuni ninayoisimamia ni kwamba uzito wa gari ushuke kutoka bamba la juu hadi sakafuni kwa chuma kukalia chuma, na weldi iwe na kazi ya kushika vipande visisogee mahali pake. Ukiizingatia kanuni hiyo utaona kwamba kazi kubwa ya stendi iko kwenye kukata kuliko kwenye kuchomelea, maana ncha ya mguu iliyokatwa vizuri hukaa bapa chini ya bamba la juu na kuupokea mzigo kwa eneo lake lote, ilhali ncha iliyokatwa ovyo hugusa kwa kona moja tu na mwanya uliobaki hujazwa kwa weldi. Nilijifunza jambo hili kwa kosa langu mwenyewe nikiwa kijana wa gereji. Nilitengeneza stendi ambayo mguu wake mmoja ulipungua kama milimita 3, nikaujaza mwanya kwa vijiti viwili vya kuchomelea, nikapiga rangi, ikapendeza. Baada ya wiki kadhaa niliona mstari mwembamba kama unywele ukipita katikati ya ule ujazo, na ndani yake kulikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, ishara kwamba ufa ulikuwa wazi kwa siku nyingi huku sisi tukilala chini ya gari. Niliikata vipande siku hiyo hiyo.

Sasa vipimo. Kwa gari dogo na la wastani nakushauri utengeneze stendi ya kimo kimoja kisichobadilika, yenye miguu minne. Kimo kutoka sakafuni hadi chini ya bamba la juu kiwe milimita 360, bamba la juu liwe la milimita 100 kwa 100 na unene wa milimita 10, na miguu itanuke hadi kitako cha milimita 260 kwa 260. Kitako kisipungue theluthi mbili ya kimo, na vipimo hivi vinazidi hapo kidogo. Kwa mtanuko huo kila mguu utakuwa na urefu wa milimita 377 ukipimwa kwenye kona yake ya nje.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa kuwa mguu unainamia ndani kutoka pande mbili, ncha zake haziwezi kukatwa mraba; kila ubavu wa chuma hukatwa kwa mshazari wa takriban digrii 12. Mkato wa juu na wa chini lazima viwe sambamba, yaani vyote vielekee upande mmoja. Ukivikata vikatazamana kama herufi V, mguu hautakaa popote, na chuma kimekwisha kuharibika. Chini, sehemu iliyochomoza iwe ile kona ya nje ya chuma. Juu, zichomoze kingo za mbavu. Tengeneza kielelezo cha bati au kadibodi ngumu chenye mshazari huo, kilaze kwenye kila ubavu, chora kwa msumari wenye ncha kali, kisha ulinganishe miguu yote minne kwa kuisimamisha pamoja kabla hujawasha mashine. Chaki haifai kwa kazi hii, kwa sababu mstari wake una unene wa milimita 2 na wewe unatafuta tofauti isiyofika milimita 1.

Kuhusu kifaa, mitungi ya gesi ya jirani iache kwa kazi nyingine. Moto wa gesi hukata haraka, lakini huacha ukingo wenye mawimbi na takataka zilizoganda, na utatumia muda mrefu zaidi kuusawazisha kuliko ule uliouokoa. Mashine kubwa ya diski ya milimita 355 ni nzuri kwa kugawa vyuma katika urefu ulio sawa, mradi uipime kwanza kwa skwea, kwani kizuizi chake cha nyuma hulegea na kuhama bila mtu kujua, na diski yake ikikandamizwa kwa nguvu hupinda na kukata upande. Mimi ningegawa vipande kwa mashine hiyo nikiviacha virefu kwa milimita 15, halafu mishazari ningeikata kwa grenda ndogo nikibaki nje ya mstari kwa upana wa milimita 1, na hiyo milimita ya mwisho ningeimaliza kwa tupa, chuma kikiwa kimebanwa kwenye jiliwa, yaani kibano cha mezani. Kama huna haraka, msumeno wa mkono utakupa mkato safi kuliko vyote. Tumia wembe wa meno 24 kwa inchi, meno yakielekea mbele, maana kwa unene wa milimita 5 utapata angalau meno matatu yanayogusa chuma kwa wakati mmoja, na meno hayatanasa wala kuvunjika.

Grenda nayo ina hatari zake, na kwa kuwa itakuwa mkononi mwako kwa saa nyingi naomba nizitaje. Diski ya kukatia ya milimita 115 huandikwa mwendo wa juu kabisa wa takriban mizunguko 13,300 kwa dakika, na ya milimita 230 mizunguko 6,650 tu. Mafundi wanaoondoa kinga ya grenda ndogo ili wafunge diski kubwa wanaizungusha diski hiyo karibu mara mbili ya uwezo wake, na inapopasuka vipande vyake huruka kama risasi. Kwenye kipete cha chuma kilicho katikati ya diski kuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Isome, kwa sababu gundi inayoshika chembe za diski huharibika kwa umri na kwa unyevu. Chuma unachokikata kitegemezwe upande unaobaki, na kile kipande kinachotoka kiachwe kianguke kwa uhuru, la sivyo mkato utajifunga na kuibana diski. Simama kando ya mstari wa diski, na vaa miwani pamoja na kinga ya uso.

Ukishakata, geuza kila kitu juu chini. Bamba la juu lilale mezani, miguu isimamishwe juu yake, na kila ncha ijaribiwe kwa kipande cha karatasi ya daftari. Mahali karatasi inapopenya, rudi kwenye tupa. Gusa viungo vyote kwa nukta ndogo za weldi kwanza, pima kitako kutoka kona hadi kona kwa mishazari miwili ambayo ni lazima ilingane, ndipo uchomelee kamili ukiruka kutoka kona moja hadi ile inayotazamana nayo ili joto lisiivute stendi upande mmoja. Vijiti vya E6013 vya milimita 3.2, ambavyo maduka mengi huviuza kwa jina la geji 10, vinatosha. Zungusha chuma bapa cha milimita 40 kwa 5 kwenye kitako ili miguu isitanuke, na uchomelee vizingiti viwili vifupi kwenye bamba la juu ili ekseli isiteleze. Kama sakafu yako ni ya udongo, weka chini ya kila stendi ubao mgumu wenye unene wa milimita 50 na mpana kuliko kitako.

SWALI: Mimi ni mchomeleaji wa Igoma, Mwanza. Wateja wangu wanataka stendi za kupandisha na kushusha. Nina mabomba ya maji ya inchi 2 na ya inchi moja na nusu, na nimefikiria kuingiza dogo ndani ya kubwa, kutoboa matundu na kupitisha kipande cha nondo. Mnaonaje?

JIBU: Ndugu yangu, kwa moyo mweupe nakuomba usizitengeneze hivyo. Bomba la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha takriban milimita 48, ilhali uwazi wa ndani wa bomba la inchi 2 ni kama milimita 53. Mwanya huo wa milimita 4 hadi 5 huliacha bomba la ndani liiname, na bomba lililoinama haliko tena chini ya mzigo bali liko kandoni mwake. Uzito wote wa kona ya gari unaning'inia kwenye kipande kimoja cha nondo, ambayo mbavu zake huifanya iguse tundu kwa vinundu vichache tu. Kama tundu lenyewe lilifunguliwa kwa moto wa kuchomelea badala ya keekee (drili), ukingo wake ni mgumu, umechanika, na hauna umbo la duara.

Tatizo la stendi za kupandisha haliko kwenye gereji za uchochoroni peke yake. Mwaka 2020, nchini Marekani, stendi zaidi ya milioni 1.5 za muuzaji mmoja mkubwa wa zana ziliitwa zirudishwe, kwa sababu ulimi unaoshika meno ya nguzo ulikuwa ukiweza kuachia gari likiwa juu, na mwaka huo huo baadhi ya stendi zilizotolewa kama mbadala nazo zikarudishwa kwa kasoro ya weldi. Hizo zilitoka kiwandani. Sehemu inayosogea ndiyo iliyo dhaifu, na mtu asiye na mashine za kupima hana namna ya kujua ubaya wake mapema.

Wateja wako watengenezee jozi mbili za vimo tofauti, kwa mfano milimita 300 na milimita 400, na uwaeleze sababu. Kama tayari kuna stendi za bomba ulizowauzia, waambie wazirudishe, au angalau nondo itolewe na ibadilishwe kwa bolti ya milimita 16 yenye alama 8.8 kichwani (alama ya daraja la nguvu yake), ambayo sehemu yake laini inapita kuta zote za mabomba. Nyuzi zisiingie ndani ya tundu, kwani zinapunguza eneo la bolti kutoka milimita za mraba 201 hadi 157. Jambo jingine linakuhusu wewe mwenyewe: mabomba ya maji yamepakwa zinki, na moshi wa zinki wakati wa kuchomelea huleta homa na baridi kali usiku wake. Isage zinki yote karibu na kiungo, fanya kazi nje, na usiuelekee moshi.

SWALI: Nitajuaje kwamba stendi niliyoitengeneza ni salama? Msomaji wa Tanga.

JIBU: Ijaribu kwa mzigo mkubwa kuliko ule utakaoibebesha, na mtu yeyote asiwe chini wala karibu. Weka jozi ya stendi chini ya ekseli ya nyuma ya pikapu iliyopakiwa mchanga, magurudumu yakiwa yamefungwa na yakiinuka sentimita 2 tu kutoka ardhini, na ya mbele yakiwa yamezuiwa kwa kabari. Kabla ya hapo pima kimo cha kila stendi kwenye kona zote nne na uandike. Iache usiku kucha. Asubuhi shusha gari, pima tena, kisha safisha viungo vyote kwa brashi ya waya, vipake mafuta ya taa, subiri robo saa, vipanguse vikauke kabisa na uvipake unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yatarudi kutoka ndani na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Stendi yenye mstari huo, au iliyopungua kimo hata kwa milimita 1, ikatwe isitumike tena. Ile iliyopita jaribio igongwe kwa nyundo na herufi za chuma nusu ya uzito ambao stendi hiyo moja iliubeba kwenye jaribio, pamoja na mwezi na mwaka, na jaribio hili la chaki lirudiwe kila baada ya miezi sita.