Big Bend kwa siku tatu: panga kwa jua, si kwa maili

Mkuu, umeuliza kama siku tatu za mwezi wa nne zinatosha kuizunguka Big Bend, hifadhi ya taifa kule Texas, Marekani, kwa gari dogo la kukodi, wewe, shemeji na watoto wawili. Zinatosha. Mimi nimeenda mara mbili, na ile ya kwanza niliiharibu kwa kuhesabu maili tu. Kule kinachoamua siku yako ni jua na mwinuko.

Bonde la Chisos, katikati ya milima, liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hadi Rio Grande Village, kando ya mto Rio Grande ulio mpaka na Meksiko, umebakiwa na mita 560 hivi. Milimani mnavaa sweta, mtoni jasho linawatiririka, siku hiyohiyo. Sisi tulifika mtoni saa saba mchana, mwezi wa tano, na chupa nne ndogo za maji. Mwanetu wa mwisho akaanza kulia kichwa kinamuuma, midomo imekauka. Sitaisahau saa ile. Beba lita nne kwa kila mtu kwa kila siku, watoto wakiwemo, na za akiba kwenye buti la gari.

Safari ya pili tuligeuza kila kitu. Tuliondoka milimani saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, tukashika Ross Maxwell Scenic Drive, kilomita 48 za lami. Hatukusimama popote mpaka korongo la Santa Elena, mwisho wa barabara. Mdomo wake unatazama mashariki, kwa hiyo jua likichomoza linaupiga ule ukuta wa mita 450 na jiwe zima linageuka rangi ya dhahabu. Mke wangu alikaa chini kwenye mchanga, hakusema neno. Mchana tukarudi milimani kwenye ubaridi, jioni tukashuka tena hadi Sotol Vista kutazama machweo; kutoka pale korongo lote ni kama ufa tu kwa mbali. Kurudia njia si hasara, mkuu, ni barabara nyingine kabisa jua likihama.

Old Maverick Road iache, hata kama ramani inaonyesha njia ya mkato. Ni ya vumbi na mawe, si ya gari lako.

Mafuta jaza kwenye mji wa Marathon, kilomita 110 kabla ya Panther Junction, makao makuu ya hifadhi. Pakua ramani hapohapo, mbele mtandao haushiki. Kiingilio ni dola 30 kwa gari, siku saba.

Na hili wengi hawaambiwi: mkirudi kaskazini kwa barabara ya 118 au 385, kuna vituo vya askari wa mpaka, na wanauliza uraia. Kama hujawa raia, makaratasi yako halisi yawe mfukoni, siyo kwenye begi lililofunikwa na mizigo.