Waliniambia nisilie kwa sababu nimeokoka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimepata meseji ya dada mmoja wa Tabora amefiwa na mume, anasema kila akilia kuna watu kanisani wanamwambia machozi yake yanamhuzunisha Mungu, anauliza je ni kweli imani yake imepungua? Nimeisoma hasira ikanipanda, maana hayo maneno nayajua, niliambiwa mimi mwenyewe matanga hata hayajaanuliwa.

Mume wangu alikuwa fundi magari. Katoka asubuhi mzima kabisa, jioni napigiwa simu niende hospitali, nafika nesi ananiambia mama kaa kwanza, na ukishaambiwa kaa kwanza unakuwa umeshajua. Mazishi siyaelezi. Watu walijaa, turubai, wali, rambirambi, halafu turubai likashushwa kila mtu akarudi kwake, nikabaki na watoto na ovaroli lake nyuma ya mlango, linanuka oili na ile sabuni ya unga aliyokuwa ananawia mikono. Usiku watoto wakishalala nalishika nalia. Sasa kiongozi mmoja wa maombi alikuja akaliona, akaniambia nilichome, eti naikaribisha roho ya mauti ndani ya nyumba, akaongeza kwamba kama tungekuwa familia ya kufunga na kuomba yale yasingetupata. Nimeshamsamehe, Mungu anajua, ila neno hata moja sijasahau.

Dada, kilichoniponya hakikutoka kwa mtu wa aina ile. Kilitoka kwenye Yohana 11, sura ambayo tunaisoma kila msiba lakini tunairukia mpaka pale Lazaro anatoka kaburini. Rudi nyuma kidogo. Martha anamfuata Yesu njiani anamwambia kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Mariamu naye akifika anasema hivyo hivyo. Hayo ni malalamiko kabisa, na Bwana hakumkemea hata mmoja, tena alikuwa anajua dakika chache zijazo Lazaro atafufuka na bado akalia machozi. Mtu anayejua ufufuo uko mlangoni amelia, wewe unayeusubiri kwa imani unakatazwa na nani?

Nikaanza kuomba kama wale dada wawili, bila kupamba. Namwambia Mungu ungekuwepo. Namwambia nimekasirika, ada ya shule nitaitoa wapi, mbona wengine umewaachia. Zaburi 88 nilikuwa naisoma hata kwenye daladala, ile inaanza na kilio inaishia gizani, haina hata mstari wa kufunga kwa shangwe, lakini imo kwenye Biblia na ni sala. Kama Mungu ameiacha pale basi na yako ataipokea. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni lia mbele zake. Usilie pembeni ukajifuta ndo uende kuomba, hapana, lia palepale ukiomba.

La pili ni watu, ila chagua. Kuna mama wa jumuiya yetu alikuwa anakuja kila Jumamosi, anaosha vyombo, anawapikia watoto uji, anakaa na mimi jikoni bila kuniuliza chochote, anaomba sala fupi anaondoka. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno, na kiukweli hapo ndo walipomsaidia, shida ilianza walipofungua midomo. Tafuta wa kukaa na wewe, wale wa kukuhubiria waheshimu wakiwa mbali.

Na jamani usingizi ukigoma wiki kwa wiki nenda hospitali. Najua ukitaja daktari wa akili watu wanawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, moja kwa moja, mimi mwenyewe nilifichia ndugu. Lakini angalia Eliya kwenye 1 Wafalme 19, kalala chini ya mti wa mretemu anaomba afe, malaika hakumpa mahubiri, alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala tena, ndo safari ikaendelea. Dawa niliyoandikiwa niliimeza nikiishukuru kama mkate ule, na Mungu hakunikasirikia.

Leo nacheka na wanangu, mkubwa kamaliza fomu foo na kafaulu, na ovaroli lipo kabatini sijalichoma na silichomi. Wajane wenzangu usharikani tunakutana, tunalia, tunaomba, tunanunuliana sukari. Uchungu bado upo siku nyingine ila haunilazi chini kama zamani.

Nanyi viongozi wa makanisa mnisikie vizuri. Yakobo 1:27 inasema dini safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, sasa ninyi mnawatazama au mnawapeleleza wana dhambi gani? Turubai likishashushwa nani anaenda? Mwezi wa tatu nani anauliza kama kuna unga? Acheni kuwabebesha watu lawama juu ya jeneza, mtajibu kwa hilo.

Dada wa Tabora, imani yako haijapungua. Leo usiku soma Zaburi 13, ina mistari 6 tu, isome kwa sauti, na ukilemewa katikati ishia hapo hapo utamalizia kesho. Halafu niandikie, nitajibu.