Vita vimekwisha, usingizi haujarudi: majibu ya maswali yenu

Nimestaafu jeshi, lakini mlango ukibamizwa tu najikuta chini ya meza. Mke wangu anataka nimwone mwanasaikolojia. Kuyasimulia yale si kutonesha donda?

Kutalitonesha, na wiki za mwanzo huenda ukalala vibaya kuliko sasa. Nakwambia mapema kwa sababu wapo wanaoacha tiba hapo hapo. Lakini kinachokipa uhai kiwewe, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha (kwa Kiingereza PTSD), ni kukwepa: huendi penye umati, huzimi taa, huketi ukiupa mlango mgongo. Kila ukikwepa unapata nafuu ya muda mfupi, na akili inazidi kusadiki kwamba pale palikuwa na hatari kweli.

Tiba ya kukabili kumbukumbu, aliyoiasisi mwanasaikolojia Edna Foa, hupinga tabia hiyo. Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 15, kila kimoja kama dakika 90. Unasimulia tukio lile lile, macho umefumba, kana kwamba linatokea sasa. Sauti hurekodiwa ukaisikilize nyumbani. Sambamba na hilo mnaorodhesha mahali unapopakwepa, mnaanza na penye hofu ndogo. Ikiwa miezi inapita na mtaalamu anakuuliza habari za wiki tu, muulize anatumia tiba gani. Una haki hiyo.

Mimi siogopi kitu. Nilitoa amri, vijana wangu wakapita njia ile, mmoja hakurudi. Nitatibiwa hofu ipi?

Afande, hatia nayo imo katika ugonjwa huu. Ipo tiba ya kuchambua fikra, ambayo mwanasaikolojia Patricia Resick na wenzake waliianzia kwa manusura wa ubakaji. Huchukua vikao 12 hivi. Unaandika kwa nini unaamini jambo lile lilitokea, kisha mnaikamata sentensi kama "ningepaswa kujua" na kuihoji. Saa ile ulijua nini? Njia ya pili ilikuwa ipi, na nani alikuhakikishia kwamba ilikuwa salama? Kama kweli ulikosea, mtaalamu mzuri halifuti kosa lako. Anakusaidia kulipima kwa ukubwa wake halisi. Nahisi maafisa wengi huogopa kusamehewa kirahisi kuliko kulaumiwa.

Mume wangu hurusha ngumi usingizini. Nimwamsheje?

Usimtikise, dada. Simama mbali na mikono yake, washa taa, mwite kwa jina. Kulala vitanda tofauti kwa muda si aibu. Kama kuna silaha nyumbani, itoke kwanza, hasa ukiwahi kumsikia akisema heri afe. Akisema hivyo, usimwache peke yake. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Napewa diazepamu nilale. Inatosha?

Haitoshi, na miongozo ya tiba haiipendekezi kwa kiwewe: inazoesha mwili na chanzo kinabaki. Sertralini na paroksetini, ambazo ni dawa za sonona, zina ushahidi zaidi. Ila usiache diazepamu ghafla. Daktari akupunguzie kidogo kidogo. Wala usiichanganye na pombe.

Baba ana miaka zaidi ya 70. Vita vyake ni vya zamani mno. Hajachelewa?

Hajachelewa. Vita vya Vietnam viliisha mwaka 1975, na jina rasmi la ugonjwa huu liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Wapo askari wa vita vile waliotibiwa miongo baadaye wakapata nafuu. Wengine dalili huwazidi wanapoacha kazi, kwa kuwa shughuli ndizo zilizokuwa zikiwasahaulisha. Kikao cha kwanza mpeleke wewe, ukae nje umngoje.