Prosesa Imeingia, Picha Haitoki: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Mazabodi

Barua za safari hii zimejaa mazabodi za kompyuta za mezani, yaani bodi kuu zinazobeba prosesa na RAM. Tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lililomo linawagharimu wasomaji pesa kila siku.

Radi iliunguza bodi yangu wakati wa masika. Prosesa ni Core i5-8400 na RAM ni DDR4. Nimenunua bodi ya mtumba ya H110 baada ya kuambiwa soketi (kikalio cha prosesa) ni ileile, LGA1151. Prosesa imekaa sawasawa, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Prosesa nayo imeungua? — Msomaji, Majengo, Moshi

Usiitupe prosesa. Aliyekwambia soketi ni ileile alisema kweli nusu. Jina ni moja na prosesa inaingia bila kulazimishwa, lakini LGA1151 ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kizazi cha 6 na cha 7. Kizazi cha 8 kilipotoka mwaka 2017, Intel iliongeza koa (core, sehemu za prosesa zinazofanya kazi) kutoka nne hadi sita, na baadhi ya pini zikapewa kazi mpya ya kupitisha umeme. Bodi za H110, B150, H170, Z170, B250, H270 na Z270 haziitambui i5-8400. Yako inahitaji H310, B360, B365, H370, Z370 au Z390.

Kizazi kinasomeka kwenye jina la prosesa, baada ya kistari. 8400 ni kizazi cha 8, 4590 ni cha 4, na zenye tarakimu tano kama 10400 au 12100 ni cha 10 na cha 12. Kizazi cha 2 na cha 3 hutumia LGA1155, kwenye bodi kama H61 na B75. Cha 4 ni LGA1150, bodi za H81 na B85. Cha 10 na cha 11 ni LGA1200, ila bodi za H410 na B460 zilitengenezwa kwa ajili ya cha 10, kwa hiyo mwenye prosesa ya kizazi cha 11 atafute H510 au B560. Cha 12 hadi cha 14 ni LGA1700: H610, B660, B760.

Ukishapata jina la familia ya bodi, kama H310 au B360, bado kuna hatua moja. Jina kamili la bodi limechapwa kwa herufi kubwa juu yake, mara nyingi katikati ya sloti. Liandike lote pamoja na herufi za mwisho, kisha nenda kwenye tovuti ya kiwanda ufungue orodha ya prosesa zinazokubalika. Mbele ya kila prosesa kuna toleo linalohitajika la BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta. Prosesa yako isipokuwemo, acha bodi hiyo hata kama bei inavutia.

Kwa i5-8400, H310 inatosha. Ungekuwa na i7-8700 tungekushauri uchukue B360 yenye vipande vya alumini juu ya sehemu inayoishushia prosesa umeme, maana bodi nyepesi huchemka hapo na kompyuta hupunguza kasi ikibanwa na kazi.

Halafu usifunge bodi mpya kabla ya kupima pawa saplai, kwa kuwa radi huenda ilipitia humo. Ichomoe ukutani na kwenye bodi. Kwenye plagi kubwa ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, uipachikie feni au diski ya zamani iwe na mzigo, ndipo uirudishe kwenye umeme. Pima kwa mita: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Rangi hizo ni za pawa saplai za kawaida. Zenye nyaya nyeusi tupu zitakuhitaji mchoro wa pini. Ikitoka nje ya vipimo hivyo, nunua nyingine, vinginevyo utaiunguza na bodi mpya. Kama kebo ya intaneti ilikuwa imechomekwa siku ya radi, kagua na kifaa cha upande wa pili.

Nimejenga kompyuta kwa Ryzen 5 5600 na bodi ya B450, zote mpya. Taa zinawaka, HDMI haitoi kitu. — Msomaji, Sakina, Arusha

Kwanza: je, una kadi ya picha? Ryzen 5 5600 haina uwezo wa kutoa picha yenyewe. Tundu la HDMI lililoko kwenye bodi limewekwa kwa ajili ya prosesa kama 5600G au 3400G. Kama kadi ipo, kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi. Wanunuzi wa Intel nao waangalie herufi F mwishoni, kama i5-9400F au 12400F: nayo haitoi picha bila kadi.

Kama kadi ipo na kebo iko mahali pake, tunaishuku BIOS. Bodi za B450 zilianza kuuzwa mwaka 2018, na prosesa yako imetoka mwaka 2022. Bodi iliyokaa ghalani muda mrefu ina BIOS isiyoijua. Njia ya kawaida ni kuazima prosesa ya zamani, tuseme Ryzen 5 2600, kuwasha nayo na kusasisha. Baadhi ya bodi zina kitufe cha kusasisha bila prosesa kabisa. Weka faili la BIOS kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32, faili lipewe jina lililoandikwa kwenye kijitabu cha bodi, plagi ya pini 24 na ile ya prosesa ziwe zimechomekwa, kisha bonyeza na usubiri taa iache kupepesa.

Fanya kazi hiyo ukiwa na UPS, betri ya kushikilia umeme. Umeme ukikatika katikati, BIOS hubaki nusu, na hapo itabidi fundi aiandike upya chipu yake kwa kifaa maalumu.

Ukibadilisha prosesa za AM4, yaani soketi ya Ryzen hizi, kumbuka pini ziko kwenye prosesa yenyewe. Grisi ya joto ikishakauka hunata kama gundi, na ukivuta feni juu kwa nguvu prosesa itatoka nayo huku pini zimepinda. Acha kompyuta ifanye kazi dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha feni nzima pamoja na chuma chake taratibu kushoto na kulia mpaka iachie.

Nina kompyuta ya ofisi ya mtumba, kasha lile jembamba. Naweza kubakiza kasha na pawa saplai nikaweka bodi mpya ya kawaida? — Msomaji, Usa River

Kwa kawaida haiwezekani, na tunasikitika kwa kuwa kompyuta hizi ndizo nyingi majumbani kwetu. Bodi za kawaida zina vipimo vinavyojulikana: ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170. Makasha membamba ya ofisi yana matundu ya skrubu yasiyolingana na hivyo, na uwazi wa nyuma umekatwa kwa bodi moja tu.

Umeme ndio tatizo kubwa zaidi. Dell OptiPlex nyingi za wakati wa kizazi cha 4 hutumia plagi kuu ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6, badala ya pini 24. Pawa saplai zake hazitoi volti zote ambazo bodi ya kawaida inazisubiri. Usikate nyaya na kuunga kwa kukisia.

Una njia mbili. Tafuta bodi ileile kwa namba ya kipuri iliyo kwenye stika ya bodi ya zamani. Hii ndiyo nafuu. Au nunua kasha la microATX na pawa saplai ya kawaida, uhamishe prosesa, RAM na diski kwenye bodi inayokubaliana navyo.

RAM zangu za DDR3 zitaingia kwenye bodi ya H610? — Msomaji, Himo

Hapana. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wa RAM ya DDR3 liko mahali pengine na volti zake ni 1.5, wakati DDR4 ni 1.2 na DDR5 ni 1.1. H610 zenyewe ziko za DDR4 na za DDR5, na bodi moja haichanganyi. Jihadhari pia na RAM za seva zinazouzwa bei ya chini, zenye herufi R kwenye stika, kama PC4-2400T-R. Zinaingia kwenye sloti ya nyumbani lakini kompyuta haitawaka.

Nataka kuagiza bodi ya mtumba Kariakoo iletwe kwa basi hadi Arusha. Nikague nini? — Msomaji, Ngaramtoni

Kabla ya kulipa, omba picha tatu: jina la bodi lisomeke, soketi imulikwe kwa tochi kutoka ubavuni, na upande wa nyuma. Kwenye soketi za LGA pini ziko kwenye bodi, na zikipangana vizuri mwanga hurudi kwa usawa. Inayotofautiana na wenzake imepinda. Dai kifuniko cha plastiki cha soketi, la sivyo safari peke yake inaweza kuziharibu. Nyuma, tafuta nyuzi zilizokwaruzwa na alama za kuungua. Kapasita (vile vikopo vidogo vya mviringo) zilizovimba kichwani ni sababu ya kukataa.

Kubalianeni kwa maandishi siku za kurudisha. Mzigo ukifika, usikimbilie kuufunga kwenye kasha. Weka bodi juu ya boksi lake la karatasi, pachika prosesa, feni yake na RAM moja tu, chomeka plagi ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 4 au 8, ambayo wengi huisahau na kudhani bodi ni mbovu. Ingia BIOS, hamisha RAM kwenye kila sloti, jaribu kila tundu la USB na la intaneti. Saa ikirudi nyuma kila ukizima, badilisha betri ya CR2032.

Wakati wa kufunga, hesabu nguzo za shaba ndani ya kasha. Kila nguzo iwe chini ya tundu la skrubu. Iliyozidi ing'oe, maana itagusa mgongo wa bodi na kuleta shoti.