Tenno au Mikado? Asili ya cheo cha mfalme wa Japani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma historia ya Japani, kitabu kimoja mfalme wao anaitwa Mikado kingine Tenno. Ni vyeo viwili? Na huyu wa sasa naweza kumwandika Reiwa Tenno?

JIBU: Marahaba. Cheo chenyewe ni Tenno. Mikado maana yake lango tukufu, yaani lango la kasri, manake kumtaja mtawala wazi wazi ilikuwa kukosa adabu so watu wakawa wanataja lango lake, kama sisi tunavyosema Ikulu imetoa tamko. Wazungu wa karne ya 19 ndo walilipenda sana, Wajapani siku hizi hawamwiti hivyo.

Sasa Tenno lenyewe wala sio la tangu mwanzo. Zamani walisema Okimi, mfalme mkuu, na ushahidi tunao, kuna upanga ulichimbuliwa kaburi la Inariyama mkoa wa Saitama mwaka 1968, umejaa kutu, ikafika 1978 wakaupiga eksirei yakaonekana maandishi ya dhahabu herufi 115, na ndani yake yupo Okimi Wakatakeru! Mwaka uliotajwa humo wataalamu wengi wanausoma kuwa 471.

Tenno linaandikwa kwa herufi mbili za Kichina, mbingu na mtawala. Kwenye dini ya Tao, dini ya kale ya China, jina hilo lilihusishwa na nyota ya kaskazini, ile ambayo nyota zingine zinaizunguka, kwa hiyo ni cheo kizito sana. China kwenyewe mfalme Gaozong wa Tang alijipa cheo hicho 674. Wapo wanaosema Japani walianza mapema zaidi, enzi za malkia Suiko, ila mimi naegemea enzi za mfalme Tenmu (673 hadi 686), kwa sababu pale Asuka, makao ya zamani ya wafalme, kilipatikana kibao cha mbao cha wakati huo kimeandikwa Tenno kabisa, na kitu cha kushika mkononi nakiamini kuliko vitabu vilivyoandikwa baadaye.

Kuhusu Reiwa Tenno, tafadhali usiandike. Reiwa ni jina la enzi iliyoanza 1 Mei 2019, na jina la enzi mfalme anapewa akishafariki, ndo maana Hirohito akawa Showa Tenno baada ya kufa 1989. Naruhito, huyu wa sasa, mwite Tenno Heika (Heika ni kama Mtukufu), au Kinjo Heika, yaani Mtukufu wa sasa. Baba yake Akihito aliyeng'atuka, cheo chake ni Joko, yaani mfalme mstaafu.